Ndege Tusiyemla



Liko swali ambalo huulizwa barazani baada ya Misa, na kwa kuwa huulizwa kwa kicheko hatujapata kulijibu kwa makini. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima mwenye akili zake timamu anapanda ndege kutoka Ulaya, anavuka bahari, anatumia fedha ambazo zingemsomesha mtoto mwaka mzima, ili aje asimame kimya msituni na kumtazama ndege. Tena ndege mwenyewe hatamwinda, hatamfuga, wala hatamla. Je, huo si upuuzi? Na kama si upuuzi, mbona sisi tuliozaliwa karibu na ndege huyo hatujapata kumtazama hata dakika tano?

Sisi twaona kwamba swali hili si la watalii peke yao. Ni swali la dini, maana ndani yake yamo maswali mawili makubwa. La kwanza: je, kiumbe ambacho hakitufai kwa chakula wala kwa fedha kina thamani yoyote? La pili: kiumbe hicho kikihifadhiwa, ni nani anayelipa gharama ya kukihifadhi? Mtu akijibu swali la kwanza na kuliacha la pili atakuwa mpenzi wa ndege asiyependa watu. Naye akijibu la pili na kuliacha la kwanza, atakuwa mtetezi wa watu asiyejua wamewekwa duniani kufanya nini.

KISIWA CHA KIJANI

Tuichukue Pemba kuwa mfano wetu, kwa kuwa iko jirani na baadhi yetu tumepata kutembezwa huko. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, na jina hilo halikukosea: ni vilima na mabonde, mpunga chini na mikarafuu juu, na mikoko pande nyingi za pwani. Unguja iliwahi kuungana na bara zamani sana, wakati maji ya bahari yalipokuwa yameshuka. Pemba lakini ina mkondo wenye kina cha mamia ya mita kati yake na bara, na kwa hiyo imekaa peke yake muda mrefu mno. Matokeo yake ni kwamba wako ndege wa aina nne ambao hawapatikani pahali pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, ndege mdogo wa rangi ya manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Ndege hawa wakiisha Pemba, wameisha ulimwenguni. Hakuna akiba yao iliyowekwa kwingine.

Wageni wengi hupelekwa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa. Huo ni msitu wa hekta zaidi kidogo ya 1,400, nao ni sehemu iliyobaki ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi kabla ya mashamba kufunguliwa. Wanaingia asubuhi na mapema. Mtembezaji hutangulia, naye huzungumza kidogo sana. Anakwenda hatua ishirini, anasimama, anasikiliza. Wageni nao husimama. Kisha anaelekeza mkono na kunong'ona, “Yule pale.” Mgeni haoni kitu, anaona majani tu. Mtembezaji hakasiriki, bali anaanza upya: fuata shina la mvule mpaka panda ya pili, sasa njoo kushoto kwenye tawi lililokauka, sasa shuka kidogo. Ndipo jani moja linapogeuka kuwa ninga, ambaye alikuwa hapo muda wote.

Jioni hurudi tena kumtafuta bundi. Sauti yake ni mlio mmoja mfupi, halafu kimya, halafu mlio mmoja tena. Watu wazima kumi husimama gizani wakiwa wamezuia pumzi, mbu wakiwauma, wakisikiliza mlio huo mmoja.

Mwenye kucheka na acheke. Lakini yatupasa tukiri kwamba kazi ya mtembezaji huyo yafanana sana na kazi tuliyoitiwa sisi. Yeye hakumwumba ndege, wala hawezi kumwamuru aje. Anachoweza ni kuijua njia, kunyamaza, kuelekeza, na kisha kujiweka pembeni ili mwingine aone. Yohana Mbatizaji alifanya hivyo hivyo kando ya mto Yordani: alimwonyesha Mwingine, akapungua. Mwalimu wa dini au mhubiri anayesimama katikati ya njia na kuziba macho ya watu ili wamwone yeye angefaa kwenda Ngezi siku moja akajifunze.

SHOMORO WA TANO

Sasa tulijibu swali la kwanza. Je, kutazama tu ni kazi ya mtu mwenye akili?

Bwana wetu, katika mahubiri yake mlimani, aliwaagiza wasikilizaji wawatazame ndege wa angani. Tumezoea kulichukua neno hilo kama pambo la mahubiri, tukakimbilia mafundisho juu ya mashaka ya chakula na mavazi. Lakini agizo la kutazama lilitangulia. Tena tukumbuke alikuwa akisema na akina nani. Hawakuwa matajiri wenye darubini. Walikuwa wavuvi, wakulima na vibarua wa Galilaya, watu waliotozwa kodi na utawala wa kigeni na ambao hawakuwa na hakika ya mkate wa kesho. Ni hao walioambiwa watazame ndege. Kwa hiyo si kweli kwamba kutazama viumbe ni anasa ya walioshiba. Bwana aliwapa maskini kuwa dawa ya hofu yao.

Tena liko jambo juu ya bei ya shomoro. Mathayo ameandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka ameandika kwamba watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Yeyote aliyepata kwenda sokoni ataelewa hesabu hiyo mara moja. Kwa sarafu mbili ungepata shomoro wanne. Yule wa tano ni wa nyongeza, ametupwa ndani ya kikapu ili kumridhisha mnunuzi. Soko halikumpa bei yoyote. Na Bwana anasema kwamba hata mmoja wa hao hasahauliki mbele za Mungu. Basi hapo tumepata jibu. Thamani ya kiumbe haianzi pale tunapomhitaji, wala haikomi pale tunapoacha kumhitaji. Iko kwa sababu Mungu anamkumbuka.

Watu wa Kanisa letu la Kianglikana wamelijua hilo zamani. Karne ya 18 palikuwa na kasisi mmoja wa Uingereza, Gilbert White, aliyehudumu katika kijiji cha Selborne. Hakusafiri nchi za mbali. Alizunguka kijiji chake mwenyewe kwa miaka mingi, akisikiliza, na kwa kusikiliza tu alitambua kwamba ndege fulani wadogo wanaofanana sana walikuwa aina tatu mbalimbali, kila moja ina wimbo wake. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1789 na kinasomwa hata leo. Karibu nasi zaidi ni John Stott, mhubiri mashuhuri wa London aliyefariki mwaka 2011, ambaye alikuwa akichukua darubini yake katika safari zake za kuhubiri, na mwaka 1999 akatoa kitabu kizima juu ya mambo ambayo ndege wanatufundisha. Hatuwezi kusema kwamba watu hao waliiacha kazi ya Mungu wakaenda kucheza. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba kazi ya kwanza aliyopewa Adamu juu ya wanyama ilikuwa kuwapa majina, na mtu hawezi kumpa jina asiyemtazama.

KUNGURU WA UNGUJA

Wengine husema: vema, tutamhifadhi ndege kwa sababu ana manufaa. Anakula wadudu, anasambaza mbegu, analeta watalii. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi, tena yana hatari yake. Historia ya Unguja inayo hadithi ya kutuonya.

Miaka ya 1890 wakubwa wa serikali walitazama takataka za mji wakaona dawa ni kuleta kunguru kutoka Bara Hindi ili wazile. Walimwona kunguru kama ufagio wenye mabawa. Kunguru walikuja, na takataka walizila kweli. Lakini hawakusoma barua iliyowaagiza wale takataka tu. Walikula mayai na makinda ya ndege wadogo, wakawasumbua vifaranga wa kuku, wakaongezeka, wakavuka hadi bara, na leo tunao katika miji yetu ya pwani. Fedha nyingi zimetumika kuwapunguza.

Kosa halikuwa la kunguru. Yeye ameishi kama kunguru. Kosa lilikuwa la kumtazama kiumbe na kuona ndani yake faida moja tu tuliyoitaka sisi. Tukisema kiumbe hafai tutamwangamiza, na tukisema anafaa kwa jambo moja tutamtumia kama chombo. Njia zote mbili humpita kiumbe mwenyewe bila kumwona. Hata utalii waweza kuwa hivyo. Tukimhifadhi bundi wa Pemba kwa ajili ya fedha za wageni peke yake, siku wageni watakapochoka naye tutamfanya nini?

NI NANI ANAYELIPA?

Haya, tulifikie swali la pili, ambalo ndilo zito.

Mgeni anayetembezwa Pemba huambiwa: tazama mikarafuu ilivyopendeza. Naam, yapendeza. Lakini ni nani aliyeipanda? Karafuu zilipandwa katika visiwa hivi tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na jasho lililotumika lilikuwa la watumwa waliotolewa bara, wengi wao jamaa za mababu zetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, kazi iliongezeka Pemba, na hapakuwa na mtu wa kuifanya ila wale wale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo msingi wa kanisa letu kuu la Mkunazini ukawekwa pale pale. Lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na sheria haikuacha kuutambua mpaka mwaka 1897. Basi anayetembea kati ya mikarafuu na kuona chozi tu, bila kuwaona watu hao, ana jicho moja. Uzuri wa nchi haujitokezi wenyewe. Mara nyingi yuko mtu aliyeulipia, wala hakuulizwa.

Na leo je? Mama mmoja anaishi kandokando ya msitu. Nyanya yake alikwenda humo kutafuta kuni, dawa na fito za kujengea. Yeye anaambiwa msitu ni hifadhi, asikate. Anaona gari la wageni likiingia na kutoka. Wanalipa, anasikia, lakini halioni shilingi lolote likifika kwenye kisima wala kwenye darasa la mwanawe. Sisi twauliza: ni nani katika hadithi hii anayemhifadhi ndege? Mgeni anatoa kile kilichomzidi. Mama anatoa kuni za jioni ya leo. Tukikumbuka yule mjane na senti zake mbili hekaluni, hatutashindwa kusema ni nani aliyetoa zaidi. Tofauti ni kwamba mjane alitoa kwa hiari yake, na mama huyu ametozwa.

Torati ya Musa ilikwisha kulitazama jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, imo sheria juu ya mtu anayekuta kiota njiani, mama akiwa ameyalalia mayai au makinda. Anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama ni lazima amwache aende. Tuitazame sheria hiyo vizuri. Haikumwambia mwenye njaa arudi nyumbani mikono mitupu ili ndege astarehe. Wala haikumwambia achukue vyote kwa kuwa ana njaa. Ilimlisha mtu leo na kumwachia ndege kesho, tena ikaifungia haki hiyo ahadi ya siku nyingi. Hifadhi inayomsahau mwenye njaa imekata nusu ya kwanza ya sheria. Uchoyo unaomaliza vyote umekata nusu ya pili.

Je, yawezekana kuzishika nusu zote mbili? Yawezekana, maana imefanyika. Pemba wako popo wakubwa ambao nao hawapatikani pengine popote. Waliwindwa kwa ajili ya nyama na misitu yao ikafyekwa, hata kufikia mwaka 1989 wataalamu walihofu kwamba wamebaki wachache mno. Kuanzia miaka ya 1990 wanakijiji wa sehemu kadhaa walijiunga kulinda miti wanayolala popo. Kule Kidike wageni walitozwa kiingilio, na mapato yakawa ya kijiji. Mwaka 2007 popo wa Pemba walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Hawakuokolewa na askari mwenye bunduki. Waliokolewa na majirani zao, baada ya majirani hao kuhesabiwa kuwa wenye mali.

Kadhalika kule Kenya, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, shirika la Kikristo la A Rocha limekuwa likiwasaidia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, na sehemu ya fedha hizo imetokana na wageni wanaokuja kutazama ndege na kutembea katika mikoko ya Mida. Mzazi ambaye mwanawe anasoma kwa sababu msitu upo hahitaji kuhubiriwa sana juu ya msitu.

Wala tusidhani kwamba hekima hii ni ya Wakristo peke yetu. Kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa kuwa hifadhi mwaka 1998, na katika kazi ya kuwaelimisha wavuvi viongozi wa Kiislamu walitumia mafundisho ya Qurani juu ya uwakili wa binadamu kwa viumbe vya Mungu. Wavuvi ambao hawakusikia amri za serikali walisikia neno la imani yao. Sisi tunaoishi na majirani hao, tukizikana na kuoana, tunayo sababu ya kumshukuru Mungu kwa jambo hilo, na kujiuliza kama mahubiri yetu yamewahi kumfanya hata mvuvi mmoja autazame wavu wake mara ya pili.

ANAYEDANGANYWA MSITUNI

Lipo jambo dogo tungependa kulitaja, kwa sababu dhamiri mara nyingi hujaribiwa katika madogo. Siku hizi wako watembezaji wenye sauti za ndege katika simu zao. Wageni wamelipa, usiku unakwenda, bundi hajaonekana. Mtembezaji anafungua simu, mlio wa bundi unatoka. Bundi wa kweli husikia na kudhani adui ameingia katika eneo lake, huacha alichokuwa akifanya, akaja kupigana na asiyekuwapo. Wageni wanafurahi, picha zinapigwa. Mara moja pengine si neno. Lakini wageni huja kila juma, na bundi yule yule hudanganywa kila juma, hata wakati ana makinda ya kulisha.

Mtu atasema, uongo kwa ndege si uongo. Sisi twajibu kwamba labda ndege hakuvunjiwa amri ya tisa, lakini mwenye kudanganya amejizoeza jambo. Amejifunza kwamba akishalipwa, ni lazima kitu kitokee. Mtembezaji anayewaambia wageni wake kwa adabu, “Leo hatukujaliwa kumwona, ila sauti yake tumeisikia,” huyo ameilinda heshima yake, ya bundi, na ya wageni pia. Hata katika sala iko hivyo. Wako wanaotaka Mungu aitikie kila wanapobonyeza, na wako waliokaa gizani miaka wakisikiliza, wakasikia kidogo tu, nao hawakuondoka.

BUNDI WA NYUMBANI KWETU

Tumesema mengi ya Pemba. Sasa turudi mtaani kwetu, maana bundi hatuhitaji kulipa nauli kumpata.

Tunajua sote yanayosemwa. Bundi akitua juu ya paa na kulia, yuko mtu atakufa. Akilia karibu na nyumba ya mgonjwa, watu hutoka na mawe na mienge. Wanaofanya hivyo si wapagani tu. Wamo waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliopokea Ushirika Mtakatifu asubuhi ile ile. Ndege ambaye mgeni anavuka bahari ili amsikie, sisi tunamwua kwa kusikika.

Kweli Torati imemweka bundi katika orodha ya ndege wasioliwa. Lakini kusema kwamba hafai kuliwa si kusema kwamba hafai kuishi. Katika safina ya Nuhu waliingia hata wanyama walio najisi, kwa amri ya Mungu mwenyewe. Na bundi anakuja penye nyumba za watu kwa sababu iliyo wazi: penye watu pana nafaka, penye nafaka pana panya, na panya ndio chakula chake. Anakesha akilinda ghala tusilomwajiri kulilinda. Mgonjwa akifa usiku ule, alikufa kwa ugonjwa wake. Usiku ambao bundi alilia na mtu asife hatuuhesabu, nao ndio mwingi.

Mtu aweza kusema hili ni jambo la ndege tu, liache. Hapana, haliishii kwa ndege. Anayetafuta wa kulaumiwa haridhiki na bundi. Ataanza kuuliza, bundi huyu ametumwa na nani? Na tunajua kidole huelekezwa wapi: kwa bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa njia, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupika, asiye na mwana wa kumtetea. Nchi yetu imepata aibu kubwa kwa vikongwe waliouawa namna hiyo. Mkono uliompiga bundi kwa jiwe ulikuwa unajifunza. Kwa sababu hiyo twasema kwamba kumtazama ndege kwa kweli, kama alivyo na si kama hofu yetu inavyomchora, si mchezo wa watalii. Ni zoezi la kuona kweli, na jirani yetu anaweza kuishi au kufa kwa sababu ya zoezi hilo.

YATUPASAYO KUFANYA

Mwaka 1990 Baraza la Ushauri la Kianglikana la ulimwengu mzima liliongeza alama ya tano katika alama za utume wa Kanisa, nayo ni kuulinda uumbaji na kuutunza uhai wa dunia. Alama hiyo haina maana ikibaki katika makabrasha ya maaskofu. Twapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji mchango wala harambee.

Kwanza, Shule ya Jumapili na vijana wapewe asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu watembee viwanja vya kanisa na shamba lililo jirani pamoja na mzee mmoja anayejua majina. Shore, pugi, tetere, chozi, mdiria, keremkerem, furukombe, kitwitwi: majina haya yanakufa pamoja na wazee wetu. Mtoto ambaye ndege wote kwake ni “ndege” tu ameibiwa urithi, na hajui kwamba ameibiwa.

Pili, mti wowote wa viwanja vya kanisa usikatwe mpaka Halmashauri ya Mtaa imeuliza ni akina nani wanaokaa ndani yake. Mwenye Zaburi alifurahi kwamba hata shomoro na mbayuwayu walipata makao karibu na madhabahu ya Mungu. Tusiwe wakali kuliko yeye.

Tatu, Mkristo aliye mtembezaji, dereva au mwenye nyumba ya wageni, na aulize fedha za wageni zinafika wapi, na aulize kwa sauti. Mithali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haikusema mgeni njoo, mwenye gari apone.

Nne, bundi akilia usiku penye mgonjwa, tuweke mawe chini, tuingie ndani, tukae na mgonjwa. Tumshike mkono, tumwombee, tumpelekee maji. Mara nyingi tumekwenda nje kupigana na ndege kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuingia ndani na kukaa na anayekufa.

Kwa wale wanaouliza barazani, hilo basi ndilo jibu letu. Yule mgeni msituni si mpuuzi, maana anafanya jambo ambalo sisi sote tuliagizwa. Lakini akiisha kumwona ndege, na ageuke kidogo amtazame na yule mama mwenye mzigo wa kuni anayepita njiani. Nasi tunaomwona mama huyo kila siku, na tuinue macho juu ya kichwa chake, pale juu ya waya au kwenye mwembe, ambapo yuko mwingine tusiyemla, ambaye Mungu hakumsahau.

Mungu Muumba atujalie macho ya kuona, na mioyo isiyoogopa kisichostahili kuogopwa. Amina.